Msimbo wa Wenyewe

Jumanne, 7 Machi
Leseni imetoka! Baada ya kubembelezana weee, kampuni iliyotuuzia kompyuta imekubali tuuone msimbo wake, yaani maandishi ya programu waliyoyaandika wenyewe. Sasa tutabadilisha pale pa kuingilia: mwanafunzi akikaa kwenye kompyuta yoyote chuoni, neno lake la siri litakaguliwa na seva moja, kompyuta kuu ya chuo. Masharti ni makali. Msimbo usitoke kwenye chumba kilichotengwa kwa ajili yake, na kompyuta ya humo isiunganishwe na mtandao. Shemeji — mume wa mdogo wangu, fundi wangu hapa kitengo cha kompyuta — ametia sahihi kama mtunza chumba. Maringo hayo! Eti tuanze kumwita bosi.

Ijumaa, 10 Machi
Shemeji amemaliza kubadilisha. Lakini tutajuaje kama inafanya kazi bila kuiuliza seva? Akasita. Shem, masharti, akasema. Nikamwambia chomeka kebo ya mtandao bwana, dakika mbili tu, nani atajua? Akachomeka. Ikakubali mara ya kwanza! Tulirukaruka kama watoto, tukafunga chumba, tukaenda zetu nyumbani.

Jumatatu, 13 Machi
Nimekwisha. Mwalimu wa hesabu kanisimamisha koridoni, uso umemchangamka: msimbo wenu una kosa, neno la siri linabaki ndani hata mtu akishatoka. Msimbo upi? nikauliza. Huo uliopo kwenye diski ya chuo, akasema, upande wa nakala za akiba. Kebo! Hatukuichomoa. Mashine ya akiba hupita kila usiku na kunakili chochote inachokikuta mtandaoni. Nimefuta kila kitu. Nikamsihi mwalimu anyamaze — kumbe ameshawaandikia watu wa kampuni. Kwa nia njema kabisa!
Wakitunyang'anya leseni, mradi wote umekufa. Wasipotunyang'anya, lazima mtu aondoke. Sahihi ni ya shemeji. Na mdogo wangu ana mimba ya miezi saba.

Jumanne, 14 Machi
Kampuni wamepiga simu; nikawaeleza kwamba kebo ilisahauliwa. Mtu wao anakuja kesho.

Jumatano, 15 Machi
Asubuhi nilimwambia shemeji usijali, agizo lilikuwa langu, nitasema mimi. Nilimaanisha. Wallahi nilimaanisha.
Mtu wa kampuni yuko ofisini kwangu, shemeji kakaa pembeni. Mpole, na upole wake ndio unaonitisha. Hataki makelele, anasema. Kosa watalirekebisha, leseni itabaki, mfumo ufunguliwe kama tulivyopanga. Anataka jina moja tu la kurudi nalo. Nani alichomeka kebo?
Nikasema ngoja nilete chai.
Sasa niko jikoni, chumba cha pili, daftari juu ya jokofu. Mlango haukufunga vizuri. Namsikia shemeji anakohoa. Anaongea: kebo niliichomeka mimi, mzee, kwa mkono wangu huu.
Hajadanganya hata neno. Na hajanitaja.
Shemeji ananisubiri niingie, najua. Maji yameshachemka, vikombe vitatu viko tayari kwenye sinia, na mimi bado naandika —