Ile Mbegu Ilishika ao Bado?

Mama Clémentine mpendwa,

Keti kwanza ndipo usome, kwa maana naomba msaada na hapa Salamabila sina mtu wa kumwambia jambo hili bila kesho kulisikia sokoni. Mimi ni mke wa ndoa, nina mtoto mmoja, Malaika, na mume wangu nitamwita Muzaliwa ingawa si jina lake, anauza viatu na nguo kwa wachimbaji, hanipigi, hanywi, ndiyo maana nilikuwa nalala usingizi wangu vizuri hadi alipokwenda Butembo kununua mali pamoja na rafiki yake Katembo, ambaye ni mtu wa huko.

Mali ilichelewa kutoka mpakani, basi wakiwa wanangoja huyo Katembo akampeleka kwa dada yake, Kavira, ambaye anafundisha wageni kutengeneza chokoleti kwa mikono, unashinda kwake siku nzima, unakaanga kakao, unaimenya maganda, unasaga mpaka inalainika, unatia sukari, unamimina kwenye vibati vyenye maumbo ya majani, jioni unaondoka na chokoleti yako umeifunga karatasi ya kung'aa. Mume wangu ambaye nyumbani hajui hata mwiko unakaa wapi. Picha nimeiona kwenye simu ya Katembo, amefungwa kitambaa cha jikoni kiunoni, anacheka meno yote nje, na huyo Kavira, mwanamke wa maji ya kunde aliyesuka nywele zake vizuri, anampaka chokoleti kwenye mdomo wa chini. Mdomoni, Mama. Mimi mara ya kwanza kugusa mdomo wa mume wangu mbele ya watu ilikuwa siku ya ndoa, tukilishana keki, na padri alikuwepo anatazama.

Aliporudi, ile chokoleti ilikuwa imeyeyukia njiani kwenye pikipiki, ikawa tope ndani ya mfuko, Malaika akailamba yote na karatasi yake, mimi nikakataa hata kuonja. Lakini alirudi pia na mfuko wa kakao kavu, na tangu hapo jiko langu si langu, akitoka dukani hasalimu vizuri, anawasha makala ya kupikia, anakaanga, anatwanga ndani ya kinu changu cha majani ya sombe bila kuniomba, anakoroga huku anaimba, na nikisogea kutazama ananiambia, "Acha, mama, hii kitu hauijue, utaiunguza." Mimi ninayempikia tangu anioe, ndimi nitakayeunguza.

Sasa sikia kilichonimaliza. Jumapili simu yake ililia akiwa na mikono michafu, akaifungua kwa kidole kimoja, sauti ikatoka nje, kumbe ni yule Kavira. Mimi nilikuwa mlangoni nachagua mchele.

"Papa Malaika, ile mbegu ilishika ao bado?"

"Bado, dada. Ninajaribu, inakataa tu. Huku kwetu joto iko mingi."

"Pole. Usilazimishe. Utie mbegu ingine pole pole, kisha ungojee. Siku itashika unijulishe, nitafurahi sana."

Ungo uliniponyoka, mchele wote chini. Mama Clémentine, tangu Malaika aache kunyonya mimi sijashika mimba nyingine, na mama mkwe akija hapa ananitazama tumbo kabla ya kunitazama uso. Nikamuuliza mume wangu, "Mbegu gani hiyo?" Akacheka, akasema, "Mambo ya chokoleti, hautaelewa." Kule kucheka ndiko kunakonichoma mpaka leo. Nimewaza nimewazua, nimeona kwamba ama huyo Kavira anangoja mtoto wa mume wangu, ama kuna mwanamke mwingine hapa hapa mgodini na Kavira ndiye anayewatafutia dawa, maana watu wawili hawawezi kuongea hivyo mbele ya mke wa mtu kuhusu peremende.

Nami nimefanya yangu. Mfuko wa kakao nimeuficha ndani ya sanduku chini ya vitenge vyangu, anautafuta kimya kimya, anamshuku Malaika, nami nimemwacha amshuku. Nimepatana na mtu wa pikipiki kwamba Jumamosi hii atupeleke mimi na mtoto hadi Wamaza, nyumbani kwa baba yangu, na baba yangu ninavyomjua, nikishafika pale na sanduku, sitarudi tena kirahisi. Niende au nisiende? Nijibu redioni kabla ya Jumamosi, kwa sababu simu yangu mume wangu huishika. Majina yote nimeyabadilisha ili tusijulikane.

Mke anayeungua, Salamabila

---

Mke unayeungua,

Umebadilisha majina lakini hukubadilisha kakao. Nani mwingine Salamabila nzima anatwanga kakao ndani ya kinu cha sombe? Ninavyoisoma barua yako hapa redioni, majirani wamekwisha kugeuza shingo, na kama kuna redio dukani kwa mume wako, basi leo hakuna anayeuziwa viatu. Siri imekwisha. Tuongee wazi.

Nianze na hiyo mbegu. Nilimpigia mama mmoja wa Beni anayetengeneza chokoleti, nikamsomea maneno ya Kavira. Alicheka hadi akakata simu, kisha akanipigia tena akanieleza. Chokoleti ikiyeyushwa na kuachwa ipoe yenyewe haigandi sawasawa. Inabaki laini, haing'ai, inashika vidole. Kwa hiyo unachukua kipande cha ile iliyokwisha kuganda vizuri, unakitia ndani ya ile iliyoyeyuka, unakoroga taratibu, nayo inaiga. Kipande hicho ndicho mbegu. Ikikubali, wanasema imeshika. Ya mume wako inakataa kwa sababu mbegu yake iliharibikia kwenye pikipiki, na mtoto wako akailamba.

Na mdomo wa chini? Hapo ndipo wanapopimia. Ukipaka ukasikia ubaridi kidogo, iko tayari kumiminwa. Angeweza kujipaka mwenyewe? Angeweza, na hilo atakujibu yeye. Lakini picha ilipigwa na kaka wa huyo mwanamke, na mtu mwenye jambo la kuficha hapigiwi picha akicheka.

Halafu, dada yangu, hebu jisikilize. Mwanamke gani anampigia mwanaume simu kumuuliza kama yeye mwenyewe ameshika mimba? Na hawara gani wa mgodini anatafutiwa dawa kwa sauti kubwa, mke akiwa mlangoni na ungo? Ulikuwa na akili zako zote mpaka Jumamosi ya kabla ya simu ile. Jumapili ulizimwaga pamoja na mchele.

Kwa lile la mimba sikucheki. Ulilisikia neno mbegu kwa sikio la mama anayetamani mtoto wa pili, na kidonda hicho ulikuwa nacho kabla Kavira hajapiga simu. Nenda kituo cha afya, lakini usiende peke yako kama mshitakiwa. Mume wako naye aende, naye apimwe. Na mama mkwe akitazama tena tumbo lako, mwanawe ndiye amjibu.

Kuna jambo jingine ambalo hukuliandika, ila nimelisoma. Siku ile ya Butembo umeisimulia vizuri kuliko mtu aliyekuwepo, kumenya, kusaga, kumimina, mpaka maumbo ya majani na karatasi ya kung'aa. Huna wivu na Kavira peke yake. Una wivu na ile siku. Mume wako alisafiri, akapata siku nzima ya kuchezea kitu kitamu, na hiyo siku akairudisha nyumbani ili aendelee kuicheza peke yake, jikoni mwako. Hiyo inauma, na una haki ya kuumia.

Wewe bwana wa viatu, kama unasikiliza, nawe pokea yako. "Acha, utaiunguza" unamwambia mwanamke anayejua makala kuliko wewe? Huyo Kavira alikuvumilia siku nzima ukiwa hujui lolote, wala hakukuambia uache. Mkeo alikuuliza kitu, mchele wake ukiwa bado chini, ukamcheka. Maelezo niliyoyatoa hapa ulikuwa unayajua, na yalikuwa yako ya kutoa. Na kinu cha mtu kinaombwa.

Sasa mama, fanya hivi. Mtu wa pikipiki mwambie Jumamosi atafute abiria mwingine. Wamaza utakwenda siku ya kusalimia, bila sanduku. Malaika mwombe msamaha mbele ya baba yake, leo, kwa sababu umemtwika mtoto wizi wako na hajui hata kwa nini anatazamwa vibaya. Kisha fungua sanduku, toa ule mfuko, uweke mezani. Usianze hotuba ndefu, ameshasikia yote. Mwambie kuanzia sasa unakaanga wewe, anatwanga yeye, na kinu anaosha yeye mpaka harufu ya sombe itoke.

Mbegu nyingine Katembo aje nayo safari ijayo, isafiri ndani ya termosi, si mfukoni. Na Kavira mpigie wewe mwenyewe, umwite dada, umuulize yote unayotaka kuuliza. Kama kuna kitu kibaya utakisikia katika sauti yake, na hapo niandikie tena, mimi mwenyewe nitakutafutia pikipiki.

Ikifika saa ya kupima chokoleti, mume wako atakuja na kijiko akupake. Usigeuze uso, usipanguse. Ngoja kidogo. Ukisikia ubaridi kwenye mdomo wa chini, mwambie wewe, kwa sauti ya kufika hadi kwa mama yake, kwamba imeshika.