Kidonda Kisichouma

Mjukuu wangu Riziki,

Barua yako imefika. Huku Alunguli hatujambo. Shangazi yako amejifungua mtoto wa kike. Unauliza, sasa unaposomea uuguzi, kama nami niliwahi kukosea.

Enzi za Zaire, tulipokuwa tukiitana sitwayeni, yaani raia, nilikuwa muuguzi mpya katika zahanati ya Kasuku, ng'ambo ya mto. Asubuhi moja alikuja mfanyakazi wa reli mwenye kidonda kimoja uumeni. Vidonda nilivyozoea kuviona vilikuwa laini, vina usaha, vinauma sana. Hiki kilikuwa kikavu na safi, kigumu kama kifungo cha shati. Nilipokibonyeza alicheka: "Hakiumi, sitwayeni." Nikampa dawa ya kupaka, akaenda kazini.

Nilimsimulia Mama Sifa, muuguzi mkubwa wetu. Hakucheka.

"Kisichouma njo cha kuogopa. Hiyo ni kaswende. Kidonda kitapona chenyewe, ugonjwa utabaki ndani ya damu, hata kumfikia mtoto tumboni. Bibi yake iko na mimba?"

Sikuwa nimeuliza.

Nilikimbia mpaka stesheni. Treni ya mizigo ilikuwa bado inapakiwa. Nilimvuta yule bwana pembeni, nikamwambia polepole kwamba nimekosea, kwamba ni kaswende, nikamuuliza kuhusu mkewe. Akasema, "Bibi iko na mimba ya miezi mine."

Siku ileile walikuja wote wawili kuchomwa sindano za penisilini. Mtoto wao alizaliwa mzima.

Tangu hapo, mgonjwa akiniambia haumwi, nilikuwa navuta kiti na kukaa karibu naye.

Wasalimie wenzako wa darasani.

Babu yako anayekukumbuka