Filamu Tuliyoimaliza Bila Wewe

Mama,

Kabla sijakuuliza habari za huko, jua kwanza kwamba mkaza mwanao Nduku yu hai. Mkono wake wa kushoto umeunga vibaya, na sikio moja bado linavuma, lakini yu hai. Yuko hapa kwangu Umoja na wasichana wake wawili. Sasa hivi ameketi mlangoni anachagua mchele, na nikimwambia apumzike ananikata jicho kama lile lako.

Mwanao Kioko yuko jela. Mimi ni mmoja wa waliosimama mbele ya hakimu wakamweka huko. Nakuandikia kwa sababu najua Mjomba Mutiso atakuja kaburini kwako na maneno yake, na namna anavyoyapinda mambo unaijua. Yeye ni ndugu yako, mimi ni mtoto wako. Sikiliza kwangu kwanza.

Ilianza na kaseti. Tulipomaliza matanga tukagawana vitu vyako, Kioko alichukua redio, mimi nikachukua kiondo cha nyuzi. Chini kabisa ya nyuzi nikaikuta ile kaseti ya video, umeifunga kwa leso kama mtoto mchanga. Ile filamu ya zamani ya Kimarekani, ya nyimbo na dansi, uliyoiokota sokoni Gikomba ndani ya robota la mitumba, katikati ya makoti ya baridi ambayo hayakununuliwa. Mama, miaka yote hiyo! Nilidhani iliungua, au Baba aliitupa. Kumbe ulikuwa nayo.

Fundi mmoja hapa sokoni aliifungua, akaipangusa ukungu kwa pamba, akaihamishia kwenye flashi. Nikampigia Kioko simu. Alipiga kelele ya furaha mpaka nikaitoa simu sikioni.

"Ilete Jumapili, siz! Tuicheki wote, tumkumbuke mathe."

Nilifurahi pia. Nakuambia ukweli, nilifurahi. Tangu tukuzike tulikuwa tunapigiana simu za shida tu.

Unakumbuka chumba chetu cha Shauri Moyo. Runinga ndogo isiyo na rangi, na deki ya video tunaazima kwa jirani Jumamosi mchana, Baba akiwa safarini na lori la saruji. Ulipigilia vizibo vya soda kwenye soli za viatu vyako vilivyochakaa, ili vilie kama viatu vya yule mwanamume mwembamba wa kwenye filamu. Unajifunga leso kiunoni. Unasukuma kitanda ukutani. Halafu unacheza, Mama, unacheza mpaka saruji inalia, na mimi na Kioko tunakufuata nyuma tukianguka. Hukujua Kiingereza chao, lakini nyimbo zote uliziimba, kwa maneno uliyoyatunga mwenyewe, nusu Kikamba, nusu uongo.

Mwisho wake hatukuwahi kuuona. Kila mara tulifika pale yule mwanamke anapokimbilia stesheni na sanduku lake, wewe ukaangalia saa ukazima, maana deki lazima irudi kwa jirani kabla Baba hajarudi kwako. Tukikuuliza kilichotokea baadaye, ulisema alipanda treni. Akaenda mji mwingine, akafungua duka la kushona. Ulisema kama mtu aliyepata barua kutoka kwake.

Jumamosi moja uliamua tutaiona hadi mwisho. Sijui ni nini kilikupa moyo. Na Jumamosi hiyohiyo Baba akarudi mapema. Hatukusikia mlango, kwa sababu ya vizibo.

"Unamchezea nani?" aliuliza.

Ukasema, "Watoto."

Alikushika nyuma ya shingo akakupigiza uso kwenye kioo cha runinga. Mara ya kwanza kioo hakikuvunjika. Mara ya pili kikavunjika. Siku zote mle ndani tulikuwa tumeona weusi na weupe tu. Wekundu wa kwanza kuonekana kwenye runinga ile ulikuwa wako.

Sisi tulikuwa chini ya kitanda. Kioko alikuwa mdogo, hata shule hajaanza, lakini yeye ndiye aliyenifunika macho kwa viganja vyake. Viganja vilikuwa na jasho na harufu ya chungwa. Nataka ukumbuke hilo, Mama, kwa sababu mimi silisahau hata leo, hata baada ya yote: mtoto yule aliyafunika macho yangu, akaacha yake wazi.

Ulipoenda Gikomba na mshono kwenye paji la uso, waliouliza uliwaambia umegonga mlango. Sawa, watu wa sokoni wana midomo. Lakini na sisi pia ulituambia umegonga mlango. Sisi tuliokuwa chini ya kitanda.

Basi Jumapili ile nikaenda Pipeline. Kina Kioko wanakaa ghorofa ya sita, nguo za watu zimeanikwa pande zote mpaka mchana unawasha taa. Nduku alikuwa amepika ndengu na chapati. Wasichana walitandika mkeka mbele ya runinga, kubwa, ya ukutani, Kioko anaringa nayo. Tukachomeka flashi.

Mama, ina rangi! Gauni la yule mwanamke, ulilotuambia ni jeupe, ni la kijani, kijani cha parachichi bichi. Kioko alijipiga mapaja. "Kijani! Mathe alitudanganya!" Akamnyanyua binti yake mdogo, akamzungusha, akaimba ule wimbo wa kwanza kwa yale maneno yako ya uongo, yote, hata moja hakukosea. Tulicheka mpaka machozi. Kwa muda ule nilikuona chumbani. Nilitaka siku isimame hapo.

Ndipo kikaja kile kipande cha kwenye jumba la dansi. Yule mwanamume anataka wacheze, mwanamke hataki, amechoka naye. Anamshika kifundo cha mkono. Anamvuta. Anamzaba kofi. Na papo hapo muziki unaanza, Mama. Kofi ndilo pigo la kwanza la ngoma. Mwanamke anashika shavu, anatabasamu, wanaanza kucheza. Nilikiona kipande hicho mara ngapi utotoni? Nilikuwa nakingojea. Nilidhani ni sehemu ya dansi.

Kioko akacheka. "Umeona vile dem hunyooshwa? Wazee wa kitambo walijua kazi."

Nduku alikuwa anamega chapati. Hakuinua hata kichwa. Akasema polepole, "Yule analipwa. Mimi nalipwa na nani?"

Hapo ndipo nilipojua, Mama. Sweta zile za mikono mirefu kwenye jua la Januari. Ile simu "iliyoanguka" kila mwezi. Nilijua yote kwa neno moja.

Kioko aliweka sahani chini kwa utaratibu. Utaratibu ule ndio ulionitisha, kwa sababu ulikuwa wa Baba. Akamuuliza, "Unaniletea madharau mbele ya siz?" na kabla hajajibiwa akampiga na rimoti sikioni. Rimoti ikapasuka, betri zikaruka mpaka kwenye sufuria ya ndengu. Nduku akainuka. Kioko akamshika nywele, akamburuta juu ya meza, chai ikamwagikia Nduku mapajani, naye akapiga ukelele. Kioko akampiga ngumi za uso, kama mwanamume anayepigana na mwanamume. Nilisikia meno. Kisha akamvuta mpaka mlangoni, akaukunja mkono wake kwenye chuma cha geti, akaliegemea geti kwa uzito wake wote. Mfupa ulilia. Usiniambie mfupa haulii. Ulilia kuliko muziki.

Wasichana walikuwa wameingia chini ya meza. Mkubwa amemkumbatia mdogo, amemziba masikio.

Nilichukua mti wa kusukumia chapati nikampiga mwanao mgongoni. Nikampiga tena. Sikuwa natafuta kumtuliza, Mama, nilitaka aanguke. Alinigeukia na macho ambayo hayakunijua, akanipiga mdomoni, na jino la mbele likaning'inia. Nilirudi tena. Nilimpiga kwenye goti, akayumba, geti likafunguka.

Jirani wa mlango wa pili, Mama Akinyi, alikuwa ameshatoka. Hakuuliza kitu. Alikuwa na sufuria tupu mkononi akamshindilia nayo kichwani, huku akiita majirani kwa sauti iliyoshuka ghorofa zote sita. Wanawake walikuja na miiko, na ndara, na mmoja na mtoto mgongoni. Wakamlaza Kioko kwenye korido juu ya maji ya kufulia, mmoja akakaa kichwani, wawili miguuni. Alikuwa analia. Analiita jina lako. "Mathe! Mathe!"

Na humo ndani filamu ilikuwa inaendelea kuimba.

Nilirudi kuchukua viatu vya wasichana na kitambulisho cha Nduku. Damu imejaa mdomoni. Ndipo nikaona mwisho wake, Mama, nimesimama, kiatu kimoja mkononi. Yule mwanamke amefika stesheni na gauni lake la kijani. Amepanda treni. Firimbi imelia. Halafu yule mwanamume anakuja anakimbia na maua, na mwanamke anashuka. Anashuka, Mama. Anaacha sanduku ndani ya treni, anamkimbilia, kila mtu stesheni anaimba. Hakuna mji mwingine. Hakuna duka la kushona. Hilo ulilitunga wewe.

Nilichomoa flashi nikaikanyaga mpaka ikawa vipande.

Hospitalini walimfunga Nduku plasta, mimi wakaning'oa jino. Tulipokuwa bado pale, Mjomba Mutiso akafika amevaa koti la kanisani. Alitaka mambo yaishe nyumbani. Kioko alete mbuzi, wazee wakae, Nduku arudi kwake. Akasema, "Hata mama yenu alivumilia, na mkasoma." Nduku alikuwa amelala uso umevimba, jicho halifunguki. Akamjibu kupitia midomo iliyopasuka: "Mjomba, huyo mbuzi mle ninyi."

Nilicheka na fizi zangu zenye damu. Ulimpenda siku zote, sasa ungempenda zaidi.

Lakini usiku mwingi uliofuata sikulala, kwa sababu yako. Wiki yako ya mwisho ulinishika mkono ukasema, "Mwikali, usimwache Kioko." Nikasema sitamwacha. Mjomba alikuwepo, alisikia, na kila aliponipigia simu alinitupia neno hilo kama jiwe. Nilikukasirikia, Mama. Nilikukasirikia mpaka nikaigeuza picha yako ikaangalia ukuta. Kwa nini hukusema "usimwache Nduku"? Nawe uliwahi kukaa nao miezi mitatu, baada ya operesheni. Ulilala chumba kile kile. Uliona sweta. Ulijua zile sweta kuliko mtu yeyote.

Nilienda kumwona rumande. Alikuwa amekonda, na mikono imetulia magotini kama ya mtoto wa shule. Alitaka nimwombe Nduku aondoe kesi. Nikakataa. Akasema, bila hasira, "Mathe angenyamaza."

Nikamjibu, "Ndiyo. Angenyamaza."

Tukalia wote wawili. Tulilia mpaka askari akaniambia muda umekwisha.

Siku ya ushahidi mahakamani Nduku alizungumza kwanza, amesimama wima kama mlingoti. Mama Akinyi akafuata, mpaka hakimu akamwomba apunguze sauti. Kisha wakaniita. Hakimu akauliza mshtakiwa ni nani kwangu. Nikasema, "Ni ndugu yangu. Tumenyonya ziwa moja." Mjomba, nyuma, akaguna. Nikaeleza niliyoyaona, kuanzia chapati mpaka korido. Sikuongeza chumvi, sikupunguza. Kioko hakunitazama hata mara moja. Nilipofika kwenye mkono na geti aliinamisha kichwa mpaka kwenye magoti.

Alifungwa miaka mitatu. Mjomba hanisalimii. Baadhi ya watu wa kanisani wanasema nimeuza damu yangu. Nduku ameanza kushona mapazia kwa mkono mmoja na nusu, na wasichana wamerudi kupigania kitanda cha juu, kelele tupu, nawafokea huku moyoni nasema endeleeni.

Mwaitu, mama yangu, picha yako nimeigeuza tena, unatuangalia. Sijui kama umenikasirikia. Kama umekasirika, kasirika, nitakukuta na hasira yako siku yangu ikifika tuyazungumze. Sasa lala.

Na hii ndiyo ahadi yangu, mpya, ya kuwekwa mahali pa ile niliyokupa. Kila mwezi nitapanda gari kwenda kumwona Kioko, nimpelekee sabuni na sweta, nikae naye muda wote wanaoruhusu. Sitamwombea atoke mapema. Nitamwombea atoke mtu ambaye binti zake, akibisha hodi, wataweza kuamua wenyewe kumfungulia.

Binti yako,
Mwikali