Mume Wangu Hana Mke wa Pili

Langoni, Amu
Alhamisi, baada ya adhuhuri

Dada yangu mpenzi Thuwaiba,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai waraka huu utakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba goti lako limepata nafuu tangu mhamie nyumba isiyo na ngazi. Sisi huku tu hai, alhamdulillahi. Afra ameota meno mawili mapya ya mbele na hafungi mdomo, ataka kila mpita ndia ayaone. Mavyaa wangu anaendelea na presha yake, siku juu siku chini. Mimi sina homa wala kikohozi. Zaidi ya hapo sijui nikwambie nikoje, na hiyo ndiyo sababu ya kukuandikia.

Usishangae kuona karatasi badala ya simu. Simu yako hushikwa na watoto, na nyumba zetu hizi unazijua, ukinong'ona chumbani jirani anaitikia. Bi Ruqaiya anakuja huko Mombasa kumwona mwanawe, nitampa bahasha nimwambie mna vipimo vya buibui.

Ujumbe wa baba umenifika. Kaka alinipigia akasema baba amesikia kwamba Shuaib ameoa mke wa siri Mokowe, kwamba ndiyo maana amekuwa kama mtu asiyekuwepo, na kwamba nichukue mtoto nije nyumbani mpaka mambo yaongelewe na wazee. Nimeujibu ujumbe huo kichwani mwangu mara nyingi sana, na kila mara jibu linatoka tofauti. Basi nitakueleza wewe mwanzo hadi mwisho, kisha unisaidie kujua la kumwambia baba.

Unamjua Shuaib alivyokuwa. Nahodha wa boti ya abiria kati ya Amu kisiwani na Mokowe bara, mtu aliyejua abiria wake kwa majina, nani ana mgonjwa hospitali, nani amesahau mwavuli wake wiki iliyopita. Mwaka jana alianza kubadilika. Nikimtuma nazi anarudi na vitunguu, au anarudi mikono mitupu na kuniuliza nilimtuma nini. Namweleza jambo la ada ya Afra, anaitikia "naam, naam", kesho yake ananiuliza kana kwamba hajalisikia kamwe. Akitusalisha nyumbani, magharibi ilifika rakaa ya nne badala ya tatu, mpaka mamake akapiga kofi nyuma yake kumzindua. Macho yake mekundu, usingizi haumtoshi. Nikimuuliza ana nini, anasema ni uchovu.

Kisha akapandisha boti juu ya fungu la mchanga, maji yakiwa yamekupwa, mahali ambapo kila nahodha anapakwepa. Abiria walikaa juani wakisubiri maji yajae, wakimtukana. Tajiri wake, Bwana Abdulkadir, alimsamehe kwa sababu ya miaka waliyofanya kazi pamoja.

La pili halikuwa la kusameheka upesi. Alimchukua Afra siku ya Jumamosi waende Mokowe na kurudi, mtoto anapenda boti. Alirudi Amu bila mtoto. Nilikuwa gatini kuwapokea, nikamuuliza, "Afra yuko wapi?" Akageuka kutazama boti tupu, akatazama tena, na dada, uso ule sitausahau. Hakuwa na habari kwamba alikwenda na mtoto. Tulimkuta Mokowe, amekaa na mama mmoja muuza mahamri, amelia hadi sauti imekauka. Bwana Abdulkadir alichukua ufunguo wa boti siku hiyo hiyo.

Mavyaa akasema, "Mwanangu metezewa. Hii si akili yake." Mji wote ukakubali kwamba amerogwa. Tukaenda kwa mwalimu, akamsomea. Shuaib alilia wakati wa kisomo mpaka mabega yakatetemeka, na waliokuwepo wakasema ndiyo hiyo, kilichomo kimeguswa. Akanywa kombe la aya zilizooshwa sahanini, akaoga maji yaliyosomewa. Siku chache akawa na nafuu, kisha akarudi vilevile. Na kwa sababu hakuwa na kazi lakini bado alikuwa akivuka Mokowe na kukaa huko hadi alasiri, ndipo likazuka hilo la mke wa siri. Nami nililiamini, Thuwaiba. Nilikaa nikimfikiria mwanamke huyo, nikamvika nguo, nikampa sura.

Nilimwambia Shuaib twende hospitali, akakataa. Nikamwambia basi mimi na Afra tutakwenda kwa baba. Akavaa viatu bila neno.

Tulipokewa na daktari msichana wa bara, jina lake Nerea, mpole, anakutazama unapoongea. Akampima presha, sukari, damu, akamwangalia macho, akamwambia atembee kwa mstari, akamtajia maneno ayarudie. Akauliza kuhusu miraa, pombe, dawa za kulevya, kama amewahi kuanguka na kugonga kichwa. Vyote hapana. Majibu ya damu yalikuwa mazuri. Ndipo akauliza, kwa sauti ileile aliyoulizia miraa, "Bwana Shuaib, ukiwa peke yako unafanya nini?"

Shuaib akanitupia jicho. Nerea akaniomba nitoke kidogo.

Nilikaa kwenye benchi la nje na akina mama wenye watoto wa chanjo. Sijui nilikaa kwa muda gani. Nilikuwa na hakika kwamba ndani anatajwa yule mwanamke wa Mokowe, na nilikuwa nikijiandaa kulisikia jina lake. Mlango ukafunguliwa, Nerea akasema, "Bi Hadia, mumeo anataka akwambie mwenyewe."

Dada, hapa ndipo kalamu inapokuwa nzito. Nisitiri, nami namsitiri yeye kwa kukuandikia wewe peke yako.

Alikuwa akitazama sakafu. Akasema hakurogwa na hana mwanamke. Akasema ni picha za uchafu za kwenye simu. Zilianza kama mchezo, kusubiri abiria wajae, vijana wakitumiana. Kisha akawa anazitafuta mwenyewe, na kila alipozizoea hazikumtosha, akatafuta nyingine, saa baada ya saa, akijificha nyuma ya maghala ya Mokowe, chooni, kila alipopata ukuta wa kumkinga. Akasema hata raha haimo tena. "Sitaki, Hadia, wallahi sitaki, lakini mkono unakwenda." Amefunga swaumu ili aache. Ameapa akavunja, akaapa tena. Ile simu aliyoniambia imemponyoka baharini, aliitupa mwenyewe, na wiki haikupita alikuwa amenunua nyingine. Akasema kwenye kisomo alilia kwa aibu, maana kila mtu alikuwa akimwombea aondokewe na kitu ambacho yeye mwenyewe alikuwa nacho mfukoni.

Kisha akasema la Afra. Siku ile alimnunulia mtoto mahamri, akamwambia akae na yule mama mara moja tu. Akaenda nyuma ya maghala na simu yake. Aliposhtuka abiria walikuwa wakimpigia kelele, akaja mbio, akafungua kamba, akaondoka.

Nilimuuliza, "Ulimsahau mwanao kwa ajili ya hayo?" Nerea ndiye aliyejibu, na maneno yake nayarudia kichwani hadi leo. Alisema ubongo hujifunza upesi pale unapopata raha ya haraka, halafu huanza kuikimbilia hata mtu asipoitaka. Na mtu akiwa katika hali hiyo, akitafuta au akijizuia asitafute, nafasi ya kushika yaliyo mbele yake inabaki ndogo. Anasikia neno lakini halishiki. Anaona fungu lakini haliangalii. Kukosa usingizi kunaongezea. "Si kwamba alisahau, Bi Hadia," alisema. "Jambo lisiloangaliwa haliingii. Na lisiloingia haliwezi kukumbukwa."

Alisema hayo ili kunituliza, namjua ana moyo mzuri. Lakini jiweke pahali pangu. Mtoto wangu hakusahauliwa. Hakuingia. Lipi afadhali?

Nikamuuliza kama ni ugonjwa au ni tabia mbaya. Akaniambia ukweli, kwamba hata wataalamu hawajakubaliana jina, na kwamba hawajui kwa hakika kama mambo haya hudhoofisha umakini au kama mtu mwenye umakini dhaifu ndiye anayenaswa upesi, au yote mawili. Anachokijua ni kwamba wengi wakipata ushauri nasaha, wakilala vizuri na wakiondolewa kishawishi karibu, kichwa hurudi taratibu. Aibu, alisema, haiponyi, humrudisha mtu mafichoni. Nikamuuliza, kwa tabu, kama kuna nililopunguza mimi. Akasema hapana kabla sijamaliza swali. Nilitaka kumwamini. Siku nyingine naamini.

Tukampa simu ya kabambe, isiyo na chochote ila kupiga na kupokea. Anakwenda kwa mshauri kila wiki. Nerea akamwonya asishike usukani mpaka wamwambie. Mimi nalala chumba cha ndani na Afra. Hatugombani. Anarudi na nazi nikimtuma nazi, nami badala ya kufurahi nasimama pale na nazi mkononi, hasira imenipanda, nisijue ya nini.

Sasa sikiliza lililotokea wiki iliyopita. Maulidi yanakaribia, wageni watavuka kwa mamia, na Bwana Abdulkadir hana nahodha wa kumtegemea. Akamtuma mtu aseme kwamba amesikia Shuaib amesomewa amepona, basi aje achukue boti yake. Shuaib alikaa sebuleni na habari hiyo asubuhi nzima. Adhuhuri akaniambia anajiona mzima, atakwenda. Mavyaa akapiga kigelegele.

Nilimfuata uani nikamwambia, "Shuaib, ukipakia watu, nitakwenda kwa Bwana Abdulkadir nimweleze kwa nini hufai kushika usukani." Akaniuliza kama nitaweza kumvua nguo mbele ya watu. Nikasema nitaweza. Sijui kama ningeweza, dada. Kusitiri aibu ya mume ni wajibu, na watu wa boti nao wana mama zao. Nilisema tu.

Alitoka. Baada ya kitambo akarudi mlangoni akaniambia nivae buibui.

Tulimkuta Bwana Abdulkadir dukani kwake akipima kamba. Alifurahi, akatukaribisha kahawa, akautoa ufunguo kwenye msumari na kumwekea Shuaib mezani. Shuaib hakuugusa. Akasema, "Bwana, usinipe boti. Kichwa changu hakijanirudia." Mzee akamwonea huruma, akamuuliza kama ni yale yale, watu bado wanamchezea, akaanza na kutaja mwalimu mwingine wa Pate aliye hodari zaidi. Mlango ulikuwa wazi pale, Thuwaiba. Kama Shuaib angeitikia tu kwa kichwa, angetoka dukani akiwa mtu aliyedhulumiwa, na mji mzima ungempa pole. Nilitamani aitikie. Naam, mimi niliyetishia kusema, nilitamani aitikie twende zetu.

Akasema, "La, Bwana Abdulkadir. Hakuna aliyenifanyia. Ni mambo yangu mwenyewe, natibiwa, na sitaki watu wafe mikononi mwangu." Basi. Hakueleza zaidi. Mzee akamtazama, akanitazama mimi, akaurudisha ufunguo msumarini. Kahawa hatukuinywa.

Tangu hapo maneno yamezidi. Aliyekuwa amerogwa hakuulizwa kitu, lakini mwenye mambo yake mwenyewe kila mtu anataka kujua ni mambo gani. Mavyaa hasemi nami, anadhani nimemkatisha mwanawe riziki. Shuaib anapata vibarua kwa fundi wa mashine za boti hapa hapa Langoni, anarudi na grisi hadi kwenye viwiko. Juzi aliniambia kwamba alikaa kazi nzima, tangu kufungua mashine hadi kuifunga, mawazo yake hayakutoka. Aliniambia kama mtoto aliyehitimu juzuu. Nikasema "mashaallah", nikaingia jikoni, nikalia, na mpaka sasa sijui nilimlilia yeye au nilijililia.

Kuna jambo lingine ambalo sijamwambia mtu, hata Nerea. Pale kwenye benchi, nilipokuwa nikilisubiri jina la yule mwanamke, nilikuwa na nguvu. Mke mwenza ningejua la kumfanyia, ningemnunia, ningemgombea mume au ningemwachia. Wanawake wa ukoo wetu wamenifunza hayo. Hili hakuna aliyenifunza. Siku nyingine, Mungu anisamehe, natamani baba angekuwa amesikia kweli.

Basi mwambie baba kwamba hakuna mke Mokowe wala kokote. Mwambie Shuaib ni mgonjwa na anatibiwa. Akiuliza ugonjwa gani, mwambie Hadia amesema haujapata jina. Akiuliza nakuja lini, mwambie siji sasa. Usimwambie kwamba nimeamua kubaki, maana sijaamua. Nimeamua siji sasa, hilo tu ndilo ninalolijua kwa yakini katika habari yote hii.

Msalimie sana shemeji, wabusu watoto, na mama umwambie nimeupata ule udi. Mkisali mtuombee, mimi na yeye kwa pamoja, hata kama unamkasirikia. Allah akuhifadhini nyote na atukutanishe katika heri.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Hadia