Zile Siku Ishirini na Moja

Mazinde, Korogwe
9 Juni 1975

Dada yangu mpenzi Tatu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, ukiendelea kuitimiza eda yako kwa subira. Watoto hawajambo? Sisi huku wazima, ila mkonge unatuchubua kama kawaida yake.

Nakuletea habari za ile samansi niliyoichukua kwako Kwamsisi, Semboja alipodai kwamba marehemu shemeji Mbaruku alimwuzia yeye nyumba ya Korogwe. Dada, usishtuke: utetezi wako haukufika mahakamani kwa wakati. Siku zilipita, na Semboja alikwisha omba hukumu ya upande mmoja. Nyumba uliyojenga na mumeo, uliyoisombea maji ya udongo kwa kichwa chako, ilikuwa inakwenda hivi hivi.

Alhamisi nikaenda Korogwe kuomba tuongezewe muda. Karani akaniambia muda hauongezwi bila sababu, na sababu yenyewe lazima niitolee kiapo. Pale nje watu wakanishauri niseme niliugua, au basi liliharibika Segera. Hakimu aliponiuliza, nikamwambia ukweli. Akatupa siku kumi na nne za kupeleka utetezi. Wewe hutatoka ndani. Nitakuletea karatasi uweke dole gumba huko huko.

Sasa anayekusomea namwomba asiruke maneno haya. Dada, mimi sijui kusoma. Ile kalamu unayoiona mfukoni mwangu siku zote ni pambo tu. Tarakimu nazijua, kwa sababu ya kuhesabu siku za kazi kwenye kipande, ile kadi yetu ya kazi. Nilipoona 21 kwenye samansi, nikakwambia tunaitwa tarehe ishirini na moja mwezi huu, tena nikafurahi kwamba eda itakuwa imekwisha. Kumbe zilikuwa siku za kujibu! Nilijua Jumatano tu, nilipompelekea samansi hiyo Mwalimu Habakuki wa elimu ya watu wazima anitajie saa ya kufika. Uliniamini, nami nikailinda aibu yangu kuliko nyumba yako. Nisamehe, dada. Machozi yananitoka ninapoyasema haya, na Mwalimu anaandika bila kunitazama.

Wabusu wanao, na majirani wote wa Kwamsisi wape salamu zangu. Nitafika Jumamosi, Mungu akipenda.

Barua yote ni mkono wa Mwalimu. Jina hapo chini ni mkono wangu.

Mdogo wako akupendaye,
MHINA