Mafundo Kwenye Mafunjo

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Limehifadhiwa kwa sababu ya umri
Umri: Miaka 17
Kazi: Nimemaliza shule, nasubiri matokeo. Namsaidia bibi kusuka mikeka.
Makazi: Chumba cha nyuma ya karakana ya baiskeli, pamoja na bibi mzaa mama

Nimekuja kituoni kwa hiari yangu. Naeleza kuhusu mwongoza watalii anayeitwa Korongo, kwa sababu ya miguu yake mirefu, ambaye nasikia amewekwa ndani na atanyang'anywa leseni kwa kutojua njia.

Nilipomaliza shule bibi aliniuliza nataka zawadi gani. Nikasema twende wote kwenye boti, tuone bwawa la mafunjo. Bibi amesuka mafunjo maisha yake yote, lakini huletewa kwa mkokoteni. Hakuwahi kuona yanakoota.

Mnamo Jumamosi tarehe 14, saa tatu asubuhi, tulipanda boti. Tulikuwa abiria watatu: mimi, bibi, na bwana mmoja mwenye kofia pana na kamera. Bibi alikaa benchi la nyuma kabisa.

Tulipofika kwenye mifereji myembamba Korongo alizima injini, akasimama mbele na kutusukuma kwa upondo. Mafunjo yalikuwa marefu kutupita, yakitugusa mabega pande zote. Bibi akayaambia, "Kumbe huku ndiko mnakotoka!"

Korongo akacheka. "Wasalimie, bibi. Ila wakijibu, mimi wa kwanza kuruka."

Yule bwana akasema, "Jamani, mnanifukuzia ndege."

Kila mfereji ulipogawanyika, Korongo alivuta mafunjo machanga mawili na kuyafunga fundo kwa mkono mmoja, huku akiendelea kutuonyesha ndege. Nilidhani ni mazoea tu ya mikono. Nyuma yangu, bibi naye alikuwa akipitisha mikono kwenye mafunjo. Nilidhani anayapapasa kwa furaha. Sikuwa nimemwona na uso ule tangu babu afariki.

Saa sita tuligeuza kurudi. Kwenye njia panda ya kwanza Korongo alisimamisha boti, akatazama huku na huku. Akashika funjo moja lenye mkunjo katikati, akalitazama kwa muda. Halafu akatazama mikono ya bibi, iliyokuwa imetulia mapajani. Hakumwuliza kitu.

Alisema, "Nimepotea njia. Mnisamehe."

Tulizunguka mpaka jua likaanza kuzama. Kule kuna visiwa vya majani vinavyoelea, upepo ukivisogeza mifereji inabadilika. Yule bwana alifoka sana, akasema ana safari na kwamba huyu si mwongozaji, ni mwongo. Korongo alijibu, "Una haki, bwana." Bibi alipoanza kutetemeka alimvika koti lake, yeye akabaki na fulana. Boti ya wenzake ilitupata kwa kufuata filimbi aliyokuwa akipuliza.

Usiku huo bibi alikuwa akipaka mikono mafuta. Akaniambia, "Kule kuna watu waharibifu, mjukuu wangu. Wanafunga mafunjo mafundo! Funjo likishafungwa halilali tena kwenye mkeka. Nimeyafungua yote niliyoyafikia."

Hapo nikaelewa. Nikaelewa pia kwamba Korongo alijua tangu mchana. Sikumwambia bibi, kwa sababu alikuwa anatabasamu.

Leo asubuhi fundi wa karakana alisema Korongo yuko ndani kwa malalamiko ya yule bwana. Nikamweleza bibi yote. Akauliza, "Yule kijana alijua ni mimi?"

"Alijua, bibi."

"Na hakunitaja?"

"Hakukutaja."

Akasema, "Basi vaa viatu."

Mimi si msemaji. Darasani nilikuwa nanyoosha kidole nikiomba nisichaguliwe. Lakini naomba iandikwe kwamba Korongo anaijua njia na aliiwekea alama vizuri. Alama ziliondolewa na mtu asiyejua kuwa ni alama, aliyekuwa anayahurumia mafunjo. Korongo aliona ni heri aitwe mjinga yeye kuliko bibi yangu aaibishwe mbele ya watu.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, sina la kuongeza.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya afisa: Shahidi amesomewa maelezo haya na kukubali kuwa ni sahihi. Mara kadhaa nilimwomba apaze sauti. Bibi yake, aliyekuwa akisubiri kwenye benchi nje, ameingia na kutaka naye aandikwe. Kabla ya kuketi amekabidhi mkeka mpya wa mafunjo apewe mtuhumiwa, akisema, "Nasikia mnawalaza kwenye saruji, na yule mwanangu ni mrefu." Mkeka umekaguliwa. Umepokelewa.