Baraza ya Baba na Maghorofa Mawili ya Vioo

Mama yangu mpenzi,

Ninakuamkia kwa heshima zote. Mguu unasemaje siku hizi? Na mvua imeanza huko Kasongo, au mihogo bado inangoja? Mimi ni mzima, Mungu anasaidia. Baridi ya Montreal nimeizoea, ila kwa kununa. Barua hii nimempa mama mmoja mwenyeji wa kule Wamaza anayekuja kuona watu wake. Dada Asina akusomee polepole, maana neno lenyewe ni la nyumba na simu haitoshi.

Kwanza nikueleze kazi yangu, kwa sababu mambo haya yalianzia hapo kazini. Ninafuta vioo vya chini kwenye maghorofa mawili ya biro, yaani ofisi, yanayotazamana barabarani. Yote yalichorwa na kampuni moja ya wachoraji wa majengo, moja zamani kidogo, la pili baadaye. Kwa mbali utasema ni mapacha: chuma cheusi na vioo kutoka chini mpaka juu kabisa, bila pambo lolote.

Lakini mimi ninayeyagusa kila siku najua hayafanani. Lile la kwanza walilisogeza nyuma ya njia, wakalisimamisha juu ya nguzo, na chini yake wakaacha mahali wazi penye mabenchi ya mawe. Watu wanakula hapo, wazee wanapumzika, mvua ikija hata asiye na shughuli ndani anajibanza na hakuna anayemwuliza kitu. La pili ni refu zaidi, linang'aa zaidi, nalo limekula kiwanja chote mpaka ukingo wa njia. Hakuna pa kukaa. Ukisimama kidogo, mlinzi anatoka kukuuliza unamtafuta nani. Watu wale wale walichora, Mama, na sijui nini kiliwapata katikati. Mimi chakula changu nakila kwenye lile la kwanza, hata siku ninayofuta vioo vya la pili.

Sasa ile foto niliyowatumia, nimevaa kofia ya kazi, niliipigia mbele ya la pili kwa sababu jua lilikuwa upande ule. Basi, sikuwa na maana nyingine. Lakini unajua desturi yetu: mkubwa aliye mbali haulizwi mara mbili, alichotuma kinachukuliwa kuwa neno lake. Mdogo wangu Ramazani, kwa kuwa ni fundi wa ujenzi, akaitazama foto akasema kaka amechagua nyumba iwe hivi. Akabomoa baraza ya mbele ya nyumba yetu, akasukuma ukuta wa salon, chumba cha wageni, mpaka njiani, akaweka vioo vikubwa. Vilipita barabara ile mbovu ya Kabambare juu ya pikipiki, na mpaka leo sielewi vilifikaje vizima.

Simgombezi Ramazani. Aliniheshimu, tena kazi yake ni safi. Ila baraza ile Baba aliifyatulia tofali kwa mikono yake. Hapo ndipo mlipokaa kwenye kilio chake, watu wa msikitini na wa kanisani pamoja, na mimi huku nikasikiliza kwenye simu tu. Asina ananiambia kwamba rafiki yako Mama Zaina, akitoka sokoni, haoni mtu nje, anasikia haya kugonga kioo, anapita zake. Unashinda peke yako ndani na joto lile. Hilo linaniuma, Mama, na ninajuta kuituma foto ile.

Mwambie Ramazani arudishe ukuta nyuma, ajenge baraza nyingine. Asiogope, siyo hasira. Msalimie yeye na Asina, na baba mdogo anayevua samaki Nyangwe, na Mama Zaina, umwambie apige hodi hivyo hivyo, kioo hakiumi.

Nilipokuuliza kwenye simu kwa nini ulikubali wabomoe, ulinijibu: "Nilizani ni weye ulitaka ivi, mutoto wangu. Nikasema, siku utarudi na wenzako, usisikie haya juu ya nyumba ya baba yako."

 Leo nakujibu kwa barua: sijawahi kuionea haya nyumba ile. Huku nikiulizwa kwetu ni wapi, ninayoiona ni baraza ile, na wewe umekaa. Nikirudi sitaikuta.

Mwanao anayekupenda,
Shabani